Kamba Iliyotakiwa Kupitia Embu

Kabla hujaniuliza kwa nini kamba ya kwenda angani inapitia Embu, naomba niseme mapema: haipitii. Kamba ya kwenda angani inaenda angani. Nimelisema hilo mkutanoni, kwenye simu, na mara moja kanisani wakati wa matangazo, na bado juzi mama mmoja alinishika mkono pale Nkubu, nje ya duka la mbegu, akaniuliza kama stendi yake itakuwa upande wa soko au upande wa hospitali.

Mimi ni Celina, mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana huku Imenti Kusini. Nilijiingiza katika mambo ya televisheni kwa sababu ya mstari usioonekana. Ikweta inapita hapa kwetu, kati ya Nkubu na Meru mjini, inakata mashamba ya watu bila kumwomba mtu ruhusa. Wageni wanapiga picha kando ya kibao halafu wanaenda zao. Kila mwaka tukifika somo la mvutano na mzunguko wa dunia, mimi huwaambia wasichana wangu kwamba siku binadamu atakapotaka kujenga lifti ya kufika angani, itabidi aje kubisha hodi huku.

Sitanii. Kitu kikiwekwa juu ya ikweta, mbali vya kutosha, kikazunguka kwa mwendo uleule wa dunia kujizungusha, ukikitazama kutoka chini utaona kimesimama palepale. Ndiyo maana dishi la televisheni linaelekezwa mahali pamoja halafu linasahauliwa hadi kutu iliingie. Sasa kutoka kule juu teremsha kamba mpaka chini, na upande wa pili ning'iniza uzito wa kuivuta nje. Kamba itasimama wima, na gari litaipanda. Wazo hilo wanasayansi wamelichezea kwa zaidi ya miaka mia, na wote wanakubaliana kwamba mahali pazuri pa kuifunga ni kwenye ikweta. Kila nikilisema, kalamu zinawekwa chini. Wasichana wanaangalia nje ya dirisha, wanaangalia migomba ya jirani kwa heshima.

Chanzo cha pili ni mama yangu, Gatakaa. Alitusimulia tangu utoto jinsi Wameru walivyokuwa watumwa Mbwaa, ng'ambo ya maji, chini ya watawala waliovaa nguo nyekundu. Wale wakubwa waliwapa mitihani isiyowezekana. Leteni ndara yenye manyoya juu na chini. Leteni mkuki unaogusa mawingu. Nikiwa chuoni, siku niliyosoma juu ya lifti ya angani kwa mara ya kwanza, nilicheka maktabani mpaka nikafukuzwa. Mkuki unaogusa mawingu. Bibi zetu walikuwa wameshautaja.

Hivyo ndivyo nilivyoandika mchezo wa televisheni, Mkuki wa Mawinguni. Ni miaka mingi ijayo. Watu wa hapa kwetu wako tena chini ya watawala wa nguo nyekundu, wanaamriwa kutengeneza mkuki unaogusa mawingu, na msichana mmoja fundi anagundua kwamba mkuki huo ni kamba, na kwamba kamba inaweza kusimama hapahapa. Nilitaka kitu kimoja tu: kamba ifungwe pale inapostahili kufungwa, na wasichana wangu waione. Wasichana wangu hawasamehe. Mwalimu akikosea ubaoni wanakohoa darasa zima.

Stesheni moja ilisema itaonyesha mchezo tukileta sehemu ya kwanza ikiwa tayari. Basi tukafanya kile tunachofanya huku kwa kila jambo, iwe karo, mazishi au paa la kanisa. Tukaita harambee, na watu wa Meru na wa Embu wakaitikia vizuri. Mimi nikasahau kitu ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua, kwamba harambee huzaa kamati, na kila mtu kwenye kamati ana neno lake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi tunaoiona bahari kwenye kalenda tu tulikuwa nao watatu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Ndambiri wa Embu, aliyesimamia ujenzi wa barabara maisha yake yote kabla ya kustaafu. Ednah alikuwa wa akina mama wa kanisa Nkubu, ambaye akisimama kuomba Mungu, chai inapoa. Kiunga alikuwa mfanyabiashara wa ndizi kutoka Mitunguu. Pamoja nao alikaa Antony, kijana mpiga picha wa harusi ambaye sasa alikuwa mwelekezi wetu. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, tukala magimbi, ambayo sisi tunayaita nduma, nikawasomea hadithi yote. Nilipomaliza walipiga makofi. Nikadhani tumemaliza.

Kiunga ndiye aliyeanza. "Mwalimu, hiyo kamba ni ya nini? Imetengenezwa na nini?"

Nilimweleza kwamba ni nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, kwa sababu kamba ndefu namna ile hukatwa na uzito wake yenyewe. Hata chuma hakifai. Ukining'iniza waya wa chuma mrefu kupita kiasi, unajikata kabla hujaufunga popote.

"Sawa. Lakini huku Mitunguu tuko na ngozi ya mgomba," akasema. "Mimi nafunga mzigo ya lori na hiyo. Haijawahi kunikatikia. Weka mgomba, Mwalimu. Watu wajue Mitunguu."

"Kiunga, hii kamba inatoka hapa inaenda mbali kuliko safari ya kuzunguka dunia nusu."

"Basi tutasuka tatu pamoja."

Ednah hakujali kamba. Yeye alikuwa amesikia kwamba kule juu watu wanaelea. "Sasa, Mwalimu, wanawake wakielea, sketi zinaelekea wapi? Hii ni kitu ya kuonyesha watoto?"

Kwa bahati nilikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli. Kwenye kamba watu hawaelei mpaka wafike pale juu kabisa kwenye kituo. Wakiwa njiani bado wana uzito, ila unapungua polepole kadiri wanavyopanda. Sketi inakaa chini. Ednah aliandika hilo akaridhika, na kwa dakika moja fizikia na akina mama wa kanisa walikuwa kitu kimoja. Nilipumua. Ningejua ningeendelea kuzuia pumzi.

Mzee Ndambiri aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi niko na swali ya ufundi. Hii kamba inatoka ikweta, huko kwenu. Embu inapita wapi?"

"Haipiti Embu, Mzee. Inaenda juu."

"Najua inaenda juu. Nauliza inapitia wapi. Kila kitu inayoenda mbali kutoka Meru inapita Embu. Barabara inapita Embu. Ndizi ya Kiunga inapita Embu. Maiti ikitoka Nairobi kuja Meru inapita Embu. Sasa hii kubwa kuliko zote ndiyo ituruke?"

Nilichukua nduma nikaisimamisha mezani, nikachomeka njiti ya kiberiti juu yake. Nikasema hii ni dunia, hii ni kamba. Nikamwonyesha Meru na Embu kwenye nduma, mahali pamoja padogo kuliko ukucha. Alitazama kwa makini sana, kama mtu anayekagua daraja.

"Haya, nimeelewa," akasema. "Basi ianzie Embu."

"Haiwezi. Ni lazima iwe ikweta."

"Kutoka ikweta mpaka Embu ni digrii ngapi?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kusema ukweli wote. "Kama nusu digrii."

"Nusu." Aliwageukia wenzake. "Nusu tu, na Mwalimu anatunyima. Ikifungwa Embu itaanguka?"

"Haitaanguka mara moja. Lakini ikweta itakuwa inaivuta wakati wote. Itainama."

"Kuinama si kuanguka. Hata nguzo za stima zimeinama, na taa inawaka."

Ukumbi mzima ulicheka. Nilijaribu kusema kwamba hakuna mhandisi ambaye angejenga kitu cha namna hiyo mahali pabaya akiwa na mahali pazuri kilomita kama sitini kutoka pale. Nilisema kwamba hilo ndilo wazo lenyewe la hadithi, kwamba ukiliondoa hakuna kinachobaki. Sauti yangu ilipanda mpaka Ednah akanishika goti. Wakapitisha kwa kauli moja: kamba ni ya mgomba, imefungwa Embu, na sketi zinakaa chini. Kisha Ednah akafunga kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa umoja wetu.

Nje nilimshika Antony. Nilitegemea angalau yeye aone haya.

"Mwalimu, tulia," akasema. "Story ni fiti. Lakini committee ndiyo imetubeba, unaona? Tukiwakasirisha hakuna kamera. Hiyo mambo ya Embu tutapanga na editing."

"Utapangaje ikweta na editing, Antony?"

"Tutaweka muziki."

Nilienda nyumbani nikiongea peke yangu barabarani. Mama alikuwa sebuleni anachambua njahi, maharagwe meusi ya kwetu, huku akitazama mchezo wa mapenzi wa Kifilipino, ule ambao kila mtu ni mtoto wa mtu mwingine. Nilimwaga yote. Nikamwambia nitawarudishia kamati yao, wampigie mwanafizikia wa migomba, na hadithi yangu naichukua. Nikamwambia hakuna mtu duniani anayeweza kutengeneza kamba wanayoitaka wale watu.

Mama hakutoa macho kwenye televisheni. "Hata mimi hiyo hadithi yako sikuipenda," akasema.

"Hadithi ni yako, Mama. Wewe ndiye uliyetusimulia."

"Mimi sikusema walitengeneza mkuki. Wewe ndiye ulisema." Alitupa njahi mbovu kwenye bakuli la kuku. "Wale wekundu walitaka mkuki ya kugusa mawingu. Nani anaweza? Ilikuwa ya kutusumbua tu. Watu wetu wakasema ndiyo, tunatengeneza, tupeni siku. Usiku wakatoroka. Hakuna mkuki. Hiyo ndiyo hadithi. Sasa wewe na masomo yako umekaa kuwatengenezea."

Nilikaa pale na mkoba wangu begani. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile labda mara mia na sikuwa nimeisikia hata mara moja. Nilimkasirikia Mama kwa kusema kweli, nikamkasirikia mwandishi wa ule mchezo wa Kifilipino bila sababu, kisha nikaomba kalamu.

Sikuiondoa hadithi yangu. Niliiandika upya. Kila kitu ambacho kamati ilitaka nilikiweka, neno kwa neno, ila nilikiweka kinywani mwa watawala wa nguo nyekundu. Mtawala wa kwanza anaamuru kamba isukwe kwa ngozi ya mgomba. Wa pili anauliza sketi zitaelekea wapi. Mkuu wao anaamuru kamba ifungwe nyumbani kwake Embu, kwa sababu kila kitu kinachoenda mbali kinapita kwake, na msichana fundi anapomwambia itainama, anajibu kwamba kuinama si kuanguka. Watu wanasema ndiyo, mkubwa, tupe siku. Kisha usiku, wakati wekundu wanasubiri Embu na mgomba wao, watu wanafunga kamba ya kaboni kwenye ikweta na kupanda. Fizikia yote ikabaki mahali pake.

Nilitaka kamati yenyewe iigize wale wekundu. Nilidhani watakataa. Ednah alileta majoho mekundu ya kwaya akayapiga pasi mwenyewe. Kiunga alikuja na lori la migomba. Mzee Ndambiri alipewa karatasi zake, akatafuta mistari yake, akaona ni mingi kuliko ya wenzake, akanipongeza. Hakuna aliyesoma sehemu isiyokuwa yake. Nilikuwa na hasira hadi ya kufurahi, kama unaielewa hasira hiyo.

Sehemu za watawala tulizipiga nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Majimbo, Embu mjini. Ana jengo la kupangisha, na ghorofa ya juu hajaipangisha kwa mtu. Mle ndani tulikuta makochi bado yana plastiki, vitanda vimetandikwa, mapazia safi. Antony aliuliza kama ni hoteli. Mzee alisema ni ya watoto wake wakija. Mmoja yuko Kanada, mmoja Doha, mmoja hakutaja. Mimi moyoni nilisema, nyumba nzuri namna hii inakaa bure na mwalimu analipa kodi kila mwezi. Tukasogeza makochi tukaweka kiti cha enzi.

Nitakubali kwamba Mzee aliigiza vizuri. Alisimama juu ya paa na joho la kwaya, Embu yote chini yake, akaamuru kamba ipite kwake kwa sauti ambayo bila shaka ndiyo iliyojenga barabara. Katika tukio la mwisho anabaki peke yake juu ya paa ameshika ncha ya kamba ya mgomba, anatazama kaskazini, na kule mbali taa ndogo inapanda angani. Antony aliweka muziki. Kwa mara ya kwanza muziki ulisaidia.

Tuliuonyesha mchezo kwenye ukumbi wa Nkubu, Jumamosi mchana, mapazia yamefungwa. Wasichana wangu walikaa mbele na sare zao. Kiunga aliposema tutasuka tatu pamoja, walicheka. Mzee aliposema kuinama si kuanguka, walipiga meza. Msichana fundi alipoeleza kwa nini kamba lazima iwe ikweta, hawakukohoa hata mmoja, na mmoja wao aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Kiunga naye alicheka kuliko wote, akauliza jirani zake kama wameona ngozi ya mgomba ilivyotokea vizuri kwenye picha.

Nilimtafuta Mzee Ndambiri kwa macho. Mwanzoni alikuwa anacheka na watu. Tukio la mwisho lilipofika hakuwa anacheka. Watu walipoanza kutoka alibaki amekaa, kofia kwenye magoti, kwa hivyo nilikwenda nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimeandaa majibu. Nilikuwa na majibu ya wiki nzima, makali, na mojawapo lilimwita mhandisi wa nduma.

"Mwalimu," akasema, "yule mzee wa nguo nyekundu. Watu wake wakishaenda, anabaki na nani?"

Nilimtazama Mama, ambaye alikuwa nyuma yetu anafunga leso yake. Alikuwa amesikia.

"Hadithi haisemi," Mama alisema. "Sisi tulikuwa tumeshaenda."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Watu wanafikiria nilitaka sifa ya Embu," akasema. "Nimejenga barabara miaka mingi. Barabara haina maneno, kila mtu anapita anaenda. Watoto yangu wamepita hapo hapo. Sasa nikasikia hii kamba. Nikauliza, mtu akirudi kutoka huko juu, atashukia wapi? Si atashukia pale imefungwa?"

"Ndiyo, Mzee. Pale imefungwa."

"Basi. Ilikuwa hiyo tu."

Majibu yangu ya wiki nzima niliyaacha. Niliona tena ile ghorofa ya Majimbo, makochi yenye plastiki tuliyoyasukuma ukutani ili tupate nafasi ya kumdhihaki, na nilijisikia vibaya sana, na nikakasirika pia kwa kujisikia vibaya, maana bado kamba ya mgomba ingekatika na bado ikweta haipiti Embu. Nilitaka kumwambia kitu kizuri ambacho ni kweli.

"Siku ile ulisema ikifungwa kwangu itainama," akasema. "Itainamia wapi?"

"Kaskazini," nilimwambia. "Ikweta inaivuta. Itainamia kuelekea huku Meru."

Mzee Ndambiri alicheka kidogo, akavaa kofia yake.

"Hata kamba inapita inaenda," akasema.